Kijana Atakaye Kusoma Sheria, na Mtihani wa Mlangoni



Katika ukurasa huu desturi yetu ni kuzungumza habari za malezi na elimu ya watoto. Mwezi huu twapenda kusema juu ya jambo ambalo wazazi wengi wa huku Iringa hutuuliza, na hasa wale wenye vijana katika kidato cha tano na cha sita. Wao husema, "Mwalimu, kijana wangu ataka kuwa mwanasheria. Je, ajitayarishe vipi kwa mtihani wa kuingilia?" Na wako wengine wajao na sahani nyeupe, wakitaka tumwandikie mtoto kombe anywe apate kufaulu.

Sisi ni mwalimu wa chuo cha Kurani hapa Tosamaganga. Kusoma kwetu ni kwa chuoni na shule ya msingi, wala hatukupata kuvaa joho la wakili. Lakini tumekaa na wanafunzi miaka mingi, na mwenye kukaa na wanafunzi huona ni nani avukaye na ni nani abakiye ukingoni, na kwa sababu gani. Shule ya sekondari ya Tosamaganga, ambayo ilianzwa na wamisionari Wakatoliki na sasa ni ya Serikali, hupokea vijana wa kidato cha tano na cha sita kutoka mikoa mbali mbali na wa dini zote. Na ukishuka mjini Iringa, mwendo wa kilometa kama 15, utakuta vyuo vikuu viwili vifundishavyo sheria, Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha. Basi elimu hii si ya Dar es Salaam peke yake tena. Imefika mlangoni petu, na kilichobaki ni kujua mlango wenyewe hufunguliwa kwa ufunguo gani.

MILANGO YENYEWE

Kwanza yafaa tujue kuwa mtihani wa kuingilia shule ya sheria si mmoja kwa dunia nzima. Hapa Tanzania kijana amalizaye kidato cha sita hutumia mtihani ule ule wa taifa kuombea nafasi ya shahada ya sheria. Kipimo cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu ni pointi 4 kutokana na masomo mawili, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Lakini chuo chaweza kutaka zaidi ya hapo, na kijana mwenye akili hajipimi kwa kiwango cha chini. Baada ya shahada, atakaye kuwa wakili hana budi kupita katika Shule ya Sheria ya Tanzania iliyoko Dar es Salaam, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na kuanza kupokea wanafunzi mwaka 2008.

Jirani zetu wa Uganda wana desturi nyingine. Huko Chuo Kikuu cha Makerere huwapa waombaji wa sheria mtihani wake maalumu kabla ya kuwapokea. Uingereza, tangu mwaka 2004, vyuo kadha wa kadha, Oxford kikiwa kimoja wapo, hutumia mtihani uitwao LNAT. Humo mna maswali 42 ya kuchagua jibu, kwa dakika 95, kisha insha moja ya dakika 40. Marekani wana mtihani uitwao LSAT, ambao ulianza mwaka 1948 na alama zake huhesabiwa toka 120 hadi 180. Huko mtu hasomi sheria ila baada ya kupata shahada ya kwanza katika somo jingine. Twataja haya kwa kuwa baadhi ya nyumba zetu zina ndugu ng'ambo, na jamaa huandika wakisema, "Mleteni kijana asome huku." Basi mzazi asidhani kuwa kijana wa kidato cha sita ataingia shule ya sheria ya Marekani moja kwa moja. Huko kwataka subira ya miaka zaidi.

Hiyo LSAT zamani ilikuwa na sehemu ya mafumbo ya kupanga watu na vitu kwa masharti. Toka Agosti 2024 sehemu hiyo imeondolewa. Zimebaki sehemu za kupima hoja na sehemu ya kusoma habari ndefu na kujibu, na kila sehemu hupewa dakika 35. Tena kuna maandishi ya kutetea rai.

Sasa tazameni ajabu moja. Mitihani hiyo ya LNAT na LSAT, ijapokuwa ni ya kuingilia sheria, haimwulizi mtu kifungu hata kimoja cha sheria. Haiulizi katiba ina ibara ngapi, wala jaji mkuu ni nani. Yauliza jambo moja tu: Je, wewe wajua kusoma? Maana yake, ukipewa maneno ya mtu, waweza kuona anadai nini, ametoa ushahidi gani, na wapi dai lake limepita mpaka wa ushahidi wake? Na mtihani wetu wa kidato cha sita, ijapokuwa hutaka pia mambo ya kukumbuka, katika historia na lugha humpa alama nzuri zaidi yule ajuaye kupima hoja kuliko yule amwagaye yote aliyoyakariri.

Hili ndilo twataka kila nyumba ilishike. Mtihani wa sheria hupima namna ya kusoma, na namna ya kusoma haijengwi kwa wiki mbili za mwisho. Hujengwa kidogo kidogo kila siku, na mahali pa kuijenga ni nyumbani.

MIFANO MITATU YA JIKONI

Ili maneno yetu yasiwe ya hewani, twatoa mifano. Wazazi wawape watoto wao jioni, wakiota moto.

Mfano wa kwanza. Mtu asema, "Kila mwaka mvua zikichelewa, bei ya mahindi hupanda. Mwaka huu bei ya mahindi imepanda. Basi mvua zimechelewa." Je, hoja hii imesimama? Watoto wengi watasema ndiyo. Lakini haikusimama. Kuchelewa kwa mvua hupandisha bei, hilo tumekubali. Lakini bei yaweza kupanda kwa sababu nyingine pia. Pengine wanunuzi wametoka mbali na magari yao wakasomba akiba, pengine barabara imekatika. Aliyesema hivyo ameligeuza neno nyuma mbele. Kosa hili hutegwa mara nyingi sana katika mitihani ya kupima hoja, na hutegwa pia mahakamani.

Mfano wa pili. Mwalimu mmoja asema, "Wote waliofaulu walihudhuria darasa la jioni. Kwa hiyo darasa la jioni ndilo lililowafaulisha." Mtoto na aulize, "Na walioanguka, je? Wao hawakuhudhuria?" Kama nao walihudhuria, basi maneno ya mwalimu hayana uzito. Mwenye kutaka kuwa mwanasheria hana budi kuzoea kuuliza habari za wale wasiotajwa.

Mfano wa tatu ni wa kanuni. Tuseme soko fulani lina kanuni hii: "Kila aletaye magunia zaidi ya kumi atalipa ushuru, isipokuwa auzaye mazao ya shamba lake mwenyewe." Juma kaleta magunia 12 ya viazi. Manane ni ya shamba lake, manne kayanunua kwa jirani. Je, atalipa? Mmoja atasema atalipa kwa kuwa amepita kumi. Wa pili atasema halipi kwa kuwa magunia yaliyo mengi ni yake. Wa tatu atasema kuwa yale ya shambani yameepushwa, yamebaki manne, nayo hayafiki kumi. Basi hapo mzazi na awaulize, "Kanuni yenyewe yasema nini juu ya mazao yaliyochanganywa?" Watagundua kuwa haisemi neno. Tena awaulize, "Kanuni hii iliwekwa kwa faida ya nani?" Wakifika hapo na kuanza kubishana kwa adabu, kila mmoja akitoa sababu, basi wameanza kusoma sheria pasipo kujua.

MITIHANI YA ZAMANI

Wako wadhanio kuwa mitihani ya namna hii imezuliwa na Wazungu. Sivyo. Imesimuliwa kuwa Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alipotaka kumpeleka Muadh bin Jabal Yemen awe mwamuzi, alimwuliza kwanza atahukumu kwa nini. Muadh akajibu kuwa kwa Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Akaulizwa, na asipokuta humo? Akajibu, kwa mwendo wa Mtume. Akaulizwa tena, na asipokuta humo? Akajibu kuwa atajitahidi kwa rai yake wala hatazembea. Mtume akafurahi. Ukiitazama habari hii utaona kuwa huo ulikuwa mtihani wa kuingilia kazi ya sheria. Muadh hakuulizwa amehifadhi aya ngapi, na hali alikuwa miongoni mwa wajuzi wakubwa wa Kurani. Aliulizwa atafanya nini pale ambapo kuhifadhi kumefika mwisho.

Na Ali bin Abi Talib naye alipotumwa Yemen akiwa kijana, alielekezwa asimhukumie mmoja wa wagomvi wawili mpaka asikie na maneno ya mwenziwe. Agizo hili ndilo mzizi wa kupima hoja. Asomaye upande mmoja tu hajasoma.

Twasema haya kwa walimu wenzetu wa vyuoni pia. Kuhifadhi ni msingi mwema, na mtoto aliyezoea kudurusu kila alfajiri amepata silaha ambayo wenziwe wengi hawana, nayo ni subira ya kukaa na maandishi. Lakini tusiishie hapo. Elimu ya mirathi, kwa mfano, ni chuo kizuri cha sheria. Tuseme mtu amekufa akaacha mke, mama, mtoto mmoja mwanamume na mmoja mwanamke. Mke ana thumuni, mama ana sudusi, na kilichobaki ni cha watoto, mwanamume sehemu mbili na mwanamke moja. Ukigawa mali kwa mafungu 72, mke hupata 9, mama 12, mtoto mwanamume 34 na mwanamke 17. Jumlisha uone kama hayatimii 72.

Hesabu hiyo mtoto wa chuo aweza kuikariri. Lakini sasa mwulize: Je, marehemu alikuwa na deni? Je, aliacha wasia? Na hilo shamba la mahindi, lilikuwa lake peke yake, au mkewe naye alilichuma? Maana haiwezekani kugawa mali ya marehemu kabla ya kujua mali ya marehemu ni ipi. Hapo ndipo hesabu inapokwisha na sheria inapoanza.

HABARI YA BI HAWA

Na hapa twaleta habari ya kweli iliyo mashuhuri kwa wanasheria wote wa nchi hii. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, waliokuwa mke na mume kisha wakaachana. Swali lilikuwa hili: Mke ambaye kazi yake ilikuwa ya nyumbani, kupika, kulea, kutunza nyumba, je, naye huhesabiwa kuwa amechangia kupatikana kwa mali ya ndoa, chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971? Mahakama ikasema, naam, kazi ya nyumbani ni mchango.

Sasa mwulizeni kijana asomaye sheria: "Je, Bi Hawa alipata nini?" Wengi hujibu haraka kuwa alipata sehemu yake ya nyumba. Hakupata. Mahakama iliikubali kanuni, lakini ikaona kuwa mumewe alikwisha kumpa fedha ambazo hazikutumiwa kwa faida ya nyumba, na kwa hiyo hakustahili zaidi. Kanuni ilishinda, na mwenye shauri akatoka mikono mitupu. Na kanuni hiyo imewafaa wanawake wengi waliokuja nyuma yake.

Tazameni jinsi ilivyo rahisi kusoma vibaya. Mtu akisikia nusu ya habari husema ameshinda. Mwingine akisikia nusu ya pili husema kazi ya nyumbani haihesabiwi. Wote wawili wamekosea, na wote wawili wangeanguka katika mtihani. Na kama wangekuwa mawakili wangempotosha mjane au mtalaka aliyekuja kwao na machozi yake. Hukumu hii na nyingine nyingi hupatikana bure katika mtandao wa TanzLII. Kijana mwenye simu asomaye hukumu moja kwa wiki, akaandika kwa maneno yake swali lilikuwa nini, mahakama ilisema nini, na kwa nini, huyo amejitayarisha kuliko alipaye fedha nyingi kwa madaftari ya kukariri.

ONYO LA MWAKA 2022

Huenda mtu akasema, "Kwani kuna haraka gani? Na aingie kwanza, mengine atajifunza humo humo." Jibu lake ni matokeo ya Shule ya Sheria ya Tanzania yaliyojulikana Oktoba 2022. Katika wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. Waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo walikuwa 342, na 265 walianguka kabisa. Nchi ikashtuka, na Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati ule, Dk. Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya uenyekiti wa Dk. Harrison Mwakyembe ili ichunguze sababu.

Si kazi yetu kuamua lawama iwe ya nani. Lakini fikirini jambo hili. Kila mmoja katika wale 633 alikuwa na shahada ya sheria mkononi. Kila mmoja alikuwa amekwisha kupita mlango wa kwanza. Nyuma ya kila mmoja palikuwa na mzee aliyeuza ng'ombe au mbao, na mama aliyejinyima kanga. Kuingia tu, basi, si kufika. Ajengaye nyumba bila ya msingi aweza kuipaua na kuipaka chokaa, na masika ya kwanza yakaiangusha.

Na katika msingi huo lugha ni jiwe kubwa. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zetu, na sisi twalifurahia jambo hilo. Hata hivyo masomo ya sheria katika vyuo vikuu vyetu hufundishwa kwa Kiingereza, na vitabu na hukumu nyingi za zamani ni za Kiingereza. Kijana asiyeielewa sentensi ndefu ya Kiingereza hataweza kuipima hoja iliyomo ndani yake.

NAMNA YA KUJITAYARISHA

Basi twatoa nasaha chache, na kila nyumba yaweza kuzifuata bila ya gharama kubwa.

Kwanza, kijana na aanze miezi sita kabla ya mtihani, au zaidi. Achague saa moja ya kila siku isiyovunjwa. Baada ya sala ya alfajiri ni wakati bora, ijapokuwa twajua baridi ya huku kwetu mwezi wa Juni na Julai. Na ajifunike blanketi asome. Saa moja kila siku kwa miezi sita ni saa 180. Anayekesha usiku kucha katika juma la mwisho hapati hata nusu ya hizo, tena huingia chumba cha mtihani akisinzia.

Pili, kila siku asome ukurasa mmoja wa Kiingereza, wa gazeti au kitabu, kisha jioni amsimulie mama yake kwa Kiswahili: mwandishi anadai nini, na ametoa sababu gani. Mama akielewa, ni dalili kuwa kijana ameelewa. Mama akisema, "Sijakufahamu, mwanangu," basi kijana arudi akasome tena. Hakuna mtahini bora kuliko mama asiyekubali maneno yasiyo na maana, na kazi hii haitaki mama awe amekwenda shule.

Tatu, awe na daftari la makosa. Aligawe kila ukurasa mafungu matatu: swali lilikuwa nini, alijibu nini, na kwa nini alikosea. Fungu la tatu ndilo lenye faida. Asiandike tu kuwa alisahau. Aandike kama hakulisoma neno "isipokuwa", au alidhani jambo ambalo halikuandikwa, au alichagua jibu la kweli lakini lisilojibu swali. Baada ya mwezi mmoja ataona kuwa makosa yake ni ya aina mbili au tatu tu, yanarudi rudi kama mbuzi wa jirani shambani.

Nne, ajizoeze na saa. Kwanza asome bila ya haraka mpaka apate jibu kwa sababu. Kisha ajipunguzie muda pole pole. Kwa wale watakaofanya LNAT au LSAT, wajue kuwa jibu la makosa halipunguzi alama, kwa hiyo wasiache swali lo lote tupu. Tena wenye mitihani hiyo hutoa mazoezi ya bure katika kurasa zao za mtandao. Kijana na aanzie hapo kabla ya kumpa mtu fedha.

Tano, aandike. Mara moja kwa juma aandike insha ya ukurasa mmoja na nusu juu ya jambo lenye pande mbili, kama vile: "Je, mgambo apewe ruhusa ya kutaifisha bidhaa za wachuuzi barabarani?" Achague upande mmoja, kisha aweke hoja yenye nguvu kabisa ya upande wa pili na kuijibu. Asiwe kama mtu apiganaye na sanamu ya majani. Na avute wenziwe wafanye mdahalo, leo atetee upande huu, kesho upande ule.

Sita, wazazi wafuate mambo ya ada na mikopo mapema. Maombi ya Bodi ya Mikopo yana siku zake na yataka hati zake, na mlango ukifungwa hufungwa. Wala tusiuze shamba kwa sababu mtu amepiga simu akasema ana nafasi ya chuo ya kuuza. Huyo ni tapeli. Nafasi ya chuo haiuzwi.

KOMBE NA MTIHANI ULIOIBWA

Sasa twarudi kwa wale wenye sahani zao. Ndugu zetu, kumwombea mtoto dua ni jambo jema, nasi hatumwachi mtoto ye yote aende bila ya dua. Lakini mkulima aombaye mvua huwa kwanza amekwisha kulima. Kijana asiyefungua kitabu tangu Januari, kisha akanywa maji ya zafarani mwezi wa Mei, amefanya mzaha na dua. Mzazi akitujia na sahani, sisi humwuliza kwanza juu ya lile daftari la makosa.

Na kuna baya kuliko hilo, nalo ni kununua mtihani ulioibwa, au kumlipa mtu amfanyie kijana mtihani. Baraza la Mitihani hufuta matokeo ya wadanganyifu, na hiyo ni adhabu ya dunia. Lakini hata asipokamatwa, hebu fikirini. Huyu ndiye atakayesimama kesho kusema fulani amesema kweli na fulani amesema uongo. Huyu ndiye atakayeshika mikononi mwake hati ya nyumba ya yatima. Ameuingia mlango wa haki kwa wizi. Mzazi atoaye fedha kwa kazi hiyo hamsaidii mwanawe, bali amemfundisha somo lake la kwanza la sheria, na somo lenyewe ni kuwa sheria hununuliwa.

NENO LA MWISHO KWA WAZAZI

Tusiwalazimishe watoto. Kijana apendaye udongo na mbegu na akasome kilimo, nchi hii yamhitaji. Lakini akionekana yule mtoto aulizaye sababu ya kila jambo, asiyekubali mpaka asikie pande zote, asiyekula cha mwenziwe hata kikisahauliwa, basi tusimwambie kuwa ana mdomo mrefu. Tumpe kitabu. Na akiwa ni binti, tusiseme kuwa mwisho wake ni jikoni. Mara ngapi mwanamke amefika mbele ya hakimu na shauri la mirathi au talaka, akanyamaza kwa haya, kwa kuwa kila aliyekuwapo alikuwa mwanamume? Hapo binti aliyesoma ni rehema.

Na wale watakao kuunganisha elimu mbili, ya nchi na ya dini, wajue kuwa nafasi ipo. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro na Chuo Kikuu cha Zanzibar hufundisha sheria pamoja na Sharia. Mwanafunzi wa huko hukutana na Bi Hawa na mafungu 72 katika darasa moja.

Katika kila mji wetu yuko mjane mwenye karatasi asiyoweza kuisoma, na yuko ndugu wa marehemu aijuaye vema na anyamazaye. Kijana anayejitayarisha leo, akihesabu makosa yake daftarini kwa mwanga wa taa, anajitayarisha kwa ajili ya mwanamke huyo. Na akumbuke hilo siku uvivu utakapomjia.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape vijana wetu fahamu njema, na awape wazazi wao subira ya kungoja matunda. Wabillahi taufiki.